Sigara ya Mpiga Mbiu

Watu wa mji wa Bhangabari walimjua Motaleb kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mtu akifa, ni Motaleb. Ng'ombe akipotea, ni Motaleb. Mwalimu mpya wa hesabu kafungua darasa, samaki wanauzwa bei ya kutupa kwa sababu barafu imeyeyuka sokoni, yote ni Motaleb, amekaa kiti cha nyuma cha riksha ya betri, vipaza sauti viwili vimefungwa juu ya kichwa chake, kimoja kimeelekea mbele na kingine nyuma, maiki imegusa mdomo. Akisema, "Habari ya majonzi, habari ya majonzi," wanawake waliacha masufuria wakatoka uani kusikiliza ni zamu ya nani. Walikuwepo waliosema kwamba Motaleb alimlilia marehemu vizuri kuliko watoto wa marehemu, na wengine waliokwisha kumwomba, wakiwa hai na wazima, asije akawatangaza kwa haraka haraka siku yao itakapofika.

Mtu mwenyewe alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na hatulii hata umfunge kamba. Mkute dukani kwa kaka yake anaunga nyaya, utamwona anakaa, anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi, anakaa tena ukingoni mwa kiti kama kuku anayetafuta pa kutaga. Halafu anasema, "Kaka, hii betri ya pili naona imelegea. Niipeleke ikachajiwe?"

Na kaka yake, Haji Sekandar, mwenye duka la kukodisha vipaza sauti, bila kuinua macho, anajibu, "Nenda."

Betri ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima siku zote. Motaleb alikuwa anakwenda kuvuta sigara.

Umri wake ulikuwa umepita hamsini. Mvi anazo, binti yake Shapla kamwoza, mjukuu yuko njiani, na hakuwahi hata mara moja kuvuta mbele ya kaka yake. Bhangabari hakuna mtu mwenye adabu anayefanya hivyo. Unaweza kuvuta mbele ya polisi. Unaweza kuvuta mbele ya mwenyekiti wa halmashauri na ukampulizia moshi usoni kama una ubavu. Lakini mbele ya mkubwa wako, aliyekutangulia kwa mama mmoja? Ng'o. Na Sekandar hakumtangulia tu, alimlea. Mto ulipokula kiwanja chao, baba yao hakumaliza mwaka, na Sekandar, kijana wa ndevu za kwanza, aliacha shule akabeba marobota ya nyuzi za juti bandarini ili mdogo wake apate wali na dengu. Mtu kama huyo humtolei moshi puani.

Kwa hiyo Motaleb alijificha. Sigara alizinunua mojamoja kwa Kuddus, muuza chai na tambuu, akaziwasha kwa ile kamba ya juti inayofuka mchana kutwa kwenye nguzo ya kibanda. Alivuta nyuma ya ghala la mbolea, alivuta ndani ya riksha wakishatoka mtaa wa mwisho, alivuta chooni. Mfukoni hakukosa hiliki na majani ya mpera ya kutafuna baadaye. Sekandar naye alikuwa na desturi yake. Akikikaribia kibanda cha Kuddus, huanza kumsalimia mtu kwa sauti kubwa kutoka mbali: "Aa, Maulana! Habari za nyumbani!" Maulana hayupo. Hakuna mtu. Lakini Motaleb husikia, sigara hushuka chini ya benchi, kandambili huikanyaga, hiliki huingia mdomoni, na kaka akifika humkuta mdogo wake anakunywa chai kama mwanafunzi wa madrasa. Wateja wote hutazama vikombe vyao. Mji mzima ulijua na mji mzima ulisaidia. Ni Motaleb peke yake aliyeamini kwamba kaka hajui, au tuseme aliamini nusu, maana ile nusu nyingine haikuwa na faida kwake.

Mkewe Shefali alimpigia kelele miaka nenda miaka rudi.

"Baba Shapla, hayo mapafu yako ni jiko la kukaushia samaki?"

"Baba yake Kuddus alivuta tangu enzi za Wazungu," Motaleb alijibu, jibu lilelile kila siku. "Kafa mzee wa miaka themanini, tena kafa kwa kuanguka juu ya mpopoo."

"Basi na wewe kapande mpopoo tujue moja."

Sauti ilianza kukwama mwishoni mwa Ramadhani. Alikuwa anatangaza swala ya Idi. "Idi itaswaliwa" ikatoka, "uwanjani" ikabaki kooni. Alijikohoza, akajaribu tena, ikatoka imechanika katikati.

"Ustadh, umemeza mwiba?" aliuliza Gedu, dereva wake wa riksha, mtu wa rika lake ambaye alikuwa hajawahi kuacha kumtania wala kumheshimu.

"Vumbi tu. Endesha."

Likawa vumbi wiki ile. Baadaye likawa maji baridi ya futari, baadaye likawa feni ya dukani. Idi ikapita na sauti haikurudi. Kikohozi nacho kikaja kikakaa, kikavu, cha kuchosha mbavu, na bega la kushoto likaanza kumuuma usiku asijue alilalie vipi. Shati lililokuwa likimbana tumboni likaning'inia. Motaleb alizidi kuhangaika. Alitembea sokoni hana anachonunua, akazunguka uwanja wa shule, akarudi nyumbani akaulizia chakula, na chakula kikija akasema hana njaa. Akavuta zaidi, maana sigara ilimtuliza ule mtetemeko wa vidole. Siku Shefali alipofua leso yake akakuta damu, hakumuuliza yeye. Alijifunika kichwa, akaenda dukani kwa shemeji yake, akasimama mlangoni, akasema, "Kaka, mdogo wako ana damu kifuani," akarudi nyumbani akikimbia.

Siku ileile Sekandar alimchukua kwa daktari wa mjini. Bhangabari mtu haendi kwa daktari peke yake, huonekana hana ndugu. Waliingia wote: Sekandar kwenye kiti, Shefali ukutani na ushungi wake umeshuka hadi puani, Gedu mlangoni anashikilia pazia. Daktari alikuwa mtu mwema aliyechoka. Aliinua eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaonyesha wingu jeupe juu ya pafu la kushoto, akaliangalia kwa muda.

"Unavuta sigara?"

Swali dogo, la kila siku. Daktari aliliuliza huku anatafuta kalamu. Motaleb alihisi masikio yanachemka. Shefali akatazama sakafu. Gedu akalitazama pazia kana kwamba limefumwa upya. Sekandar aliikazia macho kalenda ya ukutani yenye picha ya Kaaba.

"Hapana," alisema Motaleb.

"Hata zamani?"

"Hata."

"Vizuri," alisema daktari, na ukweli ni kwamba uso wake ulipata nafuu. "Ungekuwa mvutaji ningekutuma Dhaka leo hii, wakakuchunguze kwa mashine kubwa, wasije wakakuta ubaya mwingine humo ndani. Lakini huvuti. Hiki ni kifua kikuu. Makohozi hayajaonyesha kitu, lakini mara nyingine huwa hayaonyeshi, na mji huu nusu ya watu wamekipata. Utakunywa vidonge miezi sita."

"Alhamdulillahi," alisema Motaleb, na sauti ikamkwama katikati ya neno.

Tangu siku ile akawa na jiwe rohoni. Kama angekuwa hakusikia kile daktari alichosema, angekunywa vidonge kwa raha kama wengine. Lakini alisikia. Kila asubuhi alimeza vidonge vyake mbele ya Shefali, akakojoa mkojo mwekundu kama sharubati, akajiambia dawa inafanya kazi. Kila jioni bega lilimjibu kwamba haifanyi. Mara kadhaa alitoka nyumbani amekata shauri kwenda kwa daktari peke yake na kumwambia ukweli. Akifika pale, mtoa dawa anampungia mkono, "Motaleb! Haji hajambo? Yuko nyuma anakuja?" Na Motaleb husema alikuwa anapita tu. Ukimuuliza nini hasa alichokuwa anaogopa, asingeweza kukuambia. Daktari asingemtangaza. Lakini mji huu neno lina miguu, na alijiona tayari mbele ya kaka yake, mtu mzima na mvi zake, ameambiwa ni mwongo na mvutaji, na kaka hasemi kitu, anatazama pembeni. Afadhali bega liume.

Sauti ikazidi kwenda. Familia za wafiwa zikaanza kumuuliza Sekandar kwa upole kama kuna mtu mwingine. Sekandar hakumwondoa mdogo wake kwenye riksha, hilo asingelifanya hata kwa kushikiwa kisu; aliagiza tu matangazo yaliyorekodiwa Dhaka, kwenye kadi, kwa sauti ya msichana. Motaleb akawa anakaa kiti chake kilekile, anabonyeza kitufe, na msichana anatangaza. Kwa Kuddus hawakumwachia.

"Motaleb, siku hizi umeolewa?" alimwuliza mmoja.

"Sauti tamu hiyo," akasema mwingine. "Shefali anakuruhusu kukaa naye mchana kutwa?"

Motaleb alicheka pamoja nao mpaka akakohoa, akakohoa mpaka wakanyamaza.

Halafu zahanati moja ya binafsi ikaleta tangazo. Daktari bingwa wa kifua, mwanamke, atakuwa anakuja kutoka Dhaka kila Ijumaa. Tangazo lilikuwa limekwisha kurekodiwa. Motaleb alilitia kadini bila kulisikiliza, Gedu akawasha riksha, wakaingia mtaa wa wafinyanzi, na msichana akafungua kinywa chake.

"Je, una kikohozi kisichopona? Je, sauti yako imekwama? Umekonda bila sababu? Unakohoa damu? Je, unavuta sigara au bidi za kusokotwa kwa majani, au umewahi kuvuta?"

Gedu aligeuza kichwa, akakirudisha mbele.

Tangazo lilikuwa fupi, likimalizika linajirudia lenyewe. Mtaa wa wafinyanzi, mtaa wa msikiti, barabara ya kivuko, kila walikopita msichana alimuuliza Motaleb maswali yaleyale, kwa vipaza sauti viwili, mbele na nyuma, na watu wakatoka kumtazama aliyekaa chini yake. Alijigeuza kitini. Alitoa sigara, akairudisha. Walipofika kwenye mashamba ya mpunga nje ya mji, pasipo na nyumba, alikizima kitufe kwa ngumi.

"Ustadh," alisema Gedu, "hii mashine inakufahamu."

"Funga mdomo."

"Nifunge wangu, wa huyu binti nani ataufunga? Kaulizwa daktari wa mjini, kakosea, kwa nini kakosea? Kwa sababu umemdanganya. Mimi nilikuwa pale nimeshika pazia."

"Kaka alikuwepo!"

"Kaka yuko kila mahali. Atakuwepo hata kwenye maziko yako, na huko hatakuuliza kama unavuta."

Motaleb alishuka, akatembea kwenye tuta la shamba, akaenda mbali, akarudi. Akamwambia Gedu amchukue Ijumaa asubuhi na mapema, wao wawili tu, kabla Haji hajatoka nyumbani, na asimwambie mtu. Usiku huo alikula wali akaumaliza, jambo lililomshangaza Shefali.

Ijumaa alipofika zahanati, Sekandar alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi la mbele, amevaa kanzu mpya, ndevu zimepigwa hina, Shefali pembeni yake. Alikuwa amemsemea mdogo wake apite wa kwanza, kwa heshima ya tangazo.

"Nilitaka nikushtukize," alisema Sekandar kwa furaha. "Hiki kifua kimenichosha. Leo tutakipatia bingwa wake."

Gedu aliapa kwa macho kwamba si yeye.

Daktari Nilufar alikuwa mdogo kuliko Shapla, au ndivyo alivyoonekana, na miwani iliyokuwa ikimshuka puani. Aliangalia eksirei ya kwanza na ya pili aliyopigwa asubuhi ile, akamtaka Motaleb aseme jina lake, akamsikiliza anavyolisema.

"Sauti imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu Idi," alijibu Sekandar.

"Unavuta sigara, baba?"

"Hapana, dada daktari."

Aliuchukua mkono wake wa kulia, akaugeuza. Vidole viwili vilikuwa na rangi ya manjano mpaka kwenye kucha.

"Na hii?"

"Binzari. Nyumbani tunapika sana kwa binzari."

"Unapika wewe?"

Mtu mwingine angecheka. Motaleb alicheka, kikohozi kikamkamata, akashika meza. Daktari alingoja kiishe.

"Nisikilize, baba. Vidonge vya kifua kikuu umevinywa miezi yote hii na wingu limekua. Mimi siulizi ili nikugombeze. Wengi mno wanaoletwa kwangu na wingu la aina hii pamoja na sauti ya aina hii ni wavutaji. Nataka kujua naanzia wapi."

"Nataka maji," alisema Motaleb, akatoka nje.

Hakuyafuata maji. Alitembea ukumbini, kutoka kwenye mlango wa choo mpaka kwenye mizani, huku na huku, watu waliokaa wakikunja miguu apite. Shefali alimfuata. Hakuwahi kumkabili hadharani maisha yake yote. Sasa alimshika mkono wa shati.

"Rudi useme. Au mimi nitasema."

"Mbele ya shemeji yako? Usithubutu! Utanivua nguo."

"Nitakuvua. Heri nikuone umeaibika kuliko nikae eda." Alikuwa analia waziwazi na hakujali nani anatazama. "Wewe unamwonea haya kaka yako. Mimi huoni haya kuniacha?"

Motaleb alimtazama kama aliyemwona sasa hivi. Akarudi ndani, akasimama, hakukaa. Macho aliyaelekeza kwenye feni.

"Navuta," alisema. "Tangu sijaota ndevu. Pakiti, na zaidi ya pakiti. Navuta kila siku, jana nimevuta, leo alfajiri nimevuta."

Alingoja dari lianguke. Feni iliendelea kuzunguka. Sekandar alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Najua," alisema Sekandar.

"Unajua?"

"Motaleb, mimi nimekulea. Nitakosaje kujua?"

"Kule kwa daktari wa kwanza, aliponiuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Ulisikia alivyosema? Kwamba mvutaji angepelekwa Dhaka?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, wewe ungeuweka wapi uso wako?"

"Na sasa huu mwili niuweke wapi, Kaka?"

Daktari alikuwa ameacha kuandika. Sekandar aliinuka akaenda kusimama dirishani, na ukimwangalia mgongoni ungedhani anatafuta mtu barabarani.

Dhaka walimpitisha kwenye mashine kubwa, wakamchoma sindano ndefu mgongoni, wakatoa kipande kidogo cha nyama, wakawaambia wasubiri. Ndugu wawili walilala kwa mpwa wao, chumba kimoja, kitanda kimoja, hawazungumzi ila kuhusu chakula. Jibu likawa saratani ya mapafu. Ilikuwa imekwisha kushika mshipa unaoendesha sauti na kuingia kwenye tezi za katikati ya kifua, kwa hiyo kisu hakikufaa tena. Kulikuwa na dawa ya kutundikiwa, ya kuirudisha nyuma kwa muda.

"Muda gani?" aliuliza Sekandar.

"Kuna wanaokwenda mbali na kuna wasiokwenda," alijibu daktari wa huko. "Lakini aache sigara leo, siyo kesho. Hata sasa inasaidia. Anayeacha kuvuta, dawa humkubali zaidi, na pumzi yake huwa ndefu."

"Na kama tungekuja mara ile ya kwanza?"

Daktari yule wa Dhaka alichagua maneno. "Siwezi kuapa, Haji. Mapema njia huwa nyingi zaidi."

Basini, njia nzima ya kurudi, Sekandar alimshikia mdogo wake mfuko wa kutapikia na chupa ya maji.

Ungefikiri sasa mambo yamekwisha kuwa wazi, watazungumza. Wapi! Sekandar hakulitamka neno sigara. Alimtuma Shefali: "Mwambie daktari kasema aache." Alimtuma Gedu: "Mwambie." Alimtuma imamu, ambaye alikuja akazungumzia usafi wa kinywa kwa ujumla na kunywa chai mara mbili. Alikwenda kwa Kuddus akamwomba asimuuzie, na Kuddus aliapa na akatii, na Motaleb akanunua kivukoni. Hadharani bado kaka mkubwa alitazama pembeni. Alikuwa amemnyamazia mdogo wake miaka yote ile kwa mapenzi, na ulimi wake haukujua njia nyingine.

Na Motaleb alivuta. Tuseme ukweli wake wote. Alijaribu kuacha, siku ya kwanza aliweza, siku ya pili mikono ilitetemeka hata kikombe hakikukaa, siku ya tatu alimtupia Shefali sahani. Akavuta moja, akajichukia, akavuta ya pili kwa sababu amejichukia. Baada ya dawa ya kwanza ya kutundikiwa nywele zilitoka, chakula kikawa na ladha ya sarafu, na jambo pekee duniani lililobaki na ladha yake ya zamani ni ule moshi. "Imekwisha kuharibika," alimwambia Gedu. "Nyumba imeungua, unanikataza kiberiti?" Gedu akainama kufuta kioo cha riksha.

Siku moja ya soko, jua la saa nne, watu wamejaa, Motaleb alikuja kwenye kibanda cha Kuddus akakaa kwenye benchi la mbele, la barabarani, siyo lile la nyuma. Alikuwa amefunga kilemba cha sufi kuficha upara. Alitoa sigara yake aliyonunua kivukoni, akaivuta ile kamba ya juti kwenye nguzo, akawasha. Kuddus alisema, "Motaleb, kwa ajili ya Mungu." Wateja walisogea kidogo. Hakuna aliyejua amtazame au asimtazame. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama barabara, goti linamchezacheza, na anayemjua angejua kwamba alikuwa anangoja mtu.

Sekandar alitokea upande wa duka. Hakusalimia Maulana wala nani. Alikuja mwendo wa kawaida, mpaka mbele ya benchi, akasimama. Motaleb alimwona. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuishusha sigara. Aliivuta, akapuliza moshi, na moshi ukamfika kaka yake kwenye ndevu.

Sekandar alimpiga kofi.

Lilikuwa kofi zito la mtu aliyebeba marobota ujanani. Sigara iliruka ikaangukia kwenye ndoo ya vikombe. Kilemba kilimtoka, kichwa kikabaki wazi, cheupe, mbele ya soko zima. "Acha!" alisema Sekandar, na sauti yake haikuwa ya Haji wala ya mwenye duka, ilikuwa ya yule kijana wa bandarini. "Acha sigara! Nimekwambia acha! Unakufa, Motaleb! Acha!"

Soko likasimama. Halafu watu wote wakapiga kelele kwa pamoja.

"Haji! Una wazimu?"

"Unampiga mgonjwa wa saratani?"

"Mshikeni huyo mzee, mshikeni!"

Wawili walikwisha kumkamata Sekandar mikono, na Gedu alikuwa ameruka kutoka kwenye riksha. Sekandar hakujitoa. Alikuwa amesimama, machozi yanamwingia kwenye hina, anautazama mkono wake.

Motaleb aliinuka kwenye benchi. Shavu lake lilikuwa limebeba vidole vyote vya kaka yake. Aliwaondoa wale watu mmoja baada ya mwingine, polepole, maana nguvu hakuwa nazo, akamshika Sekandar ule mkono uliompiga, akaubana kifuani pake.

"Mwacheni," alisema kwa ile sauti kidogo iliyombakia. "Kachelewa tu."